Nani Anayelipia Habari Tanzania?

Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, redio nyingi za Tanzania hufanya kazi moja: husoma magazeti. Mtangazaji hufungua gazeti hewani, hutaja kichwa cha habari, husoma aya tatu nne, hutia neno lake, hucheka na mwenzake, kisha huhamia gazeti jingine. Ikifika saa mbili, msikilizaji wa Tunduma au Ngara amekwisha pata karibu yote yaliyoandikwa Dar es Salaam usiku uliopita, na mfukoni mwake hakijatoka kitu. Mwaka 2017 Harrison Mwakyembe, wakati huo Waziri wa Habari, aliagiza redio na televisheni ziishie kwenye vichwa vya habari, anayetaka zaidi akanunue gazeti. Kipindi cha magazeti hakikufa.

Waziri alikuwa na hoja, ila aliishika kwa mkia. Gazeti la kila siku linauzwa shilingi 1,000, bei inayokaribia nauli ya daladala ya kwenda na kurudi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, ambao karibu nusu yao ni watoto wa chini ya miaka 18, na mijini wanaishi theluthi moja na ushee tu. Kilimo kinabeba takriban robo ya pato la taifa lakini ndicho kinachowapa kazi wengi kuliko sekta nyingine yoyote. Waliobaki wengi ni machinga, mama lishe, bodaboda, mawakala wa fedha za simu, mafundi wa gereji za chini ya mwembe. Watu wa namna hii hawana mshahara wa mwisho wa mwezi wa kutengea gazeti. Wana kipato cha leo, na cha leo kinaanza na unga. Kwa hiyo hata redio zingefungwa midomo, nakala zisingeongezeka kiasi cha kuokoa gazeti lolote.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Kama msomaji halipi, na msikilizaji halipi, nani analipa? Naamini sehemu kubwa ya tabia za vyombo vyetu vya habari, ushujaa wake na woga wake, inaelezwa na jibu la swali hilo kuliko inavyoelezwa na vifungu vya sheria, ingawa vifungu navyo vina makali yake.

Zamani jibu lilikuwa jepesi: serikali na chama. Tarehe 5 Februari 1970 Mwalimu Nyerere alilitaifisha gazeti la Standard, akamkabidhi uhariri Frene Ginwala, mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la kwao. Mwaka 1972 gazeti hilo liliunganishwa na Nationalist la TANU, likazaliwa Daily News. Kwa Kiswahili palikuwa na Uhuru la chama, na hewani palikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Tusiidharau zama ile. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya takriban watu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza vijijini, wakitoka pale wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Sijasikia kampuni ya matangazo iliyowahi kuufikia mkusanyiko huo tangu wakati ule. Lakini redio ileile haikuweza kumwambia mwanakijiji kwamba bodi ya mazao ilikuwa inampunja, kwa sababu bodi na redio zilikula chungu kimoja.

Zikaja zama za ruksa za Rais Mwinyi. Gazeti la Business Times lilitoka 1988, sheria ya utangazaji ikapitishwa 1993, na 1994 mfanyabiashara Reginald Mengi akawasha ITV na Radio One. Kwa miaka kumi hivi ilionekana kama msomaji amepata sauti. Hesabu za ndani zilikuwa tofauti. Mengi alikuwa na kiwanda cha soda kabla ya kuwa na televisheni. Wamiliki wengine walikuwa na biashara zao au ndoto zao za siasa. Chombo cha habari kilikuwa tawi, na mti ulikuwa kwingine. Waliofanikiwa kweli kuishi kwa shilingi ya msomaji walikuwa wenye magazeti ya udaku na hadithi za kuendelea. Kampuni ya Global Publishers ya Eric Shigongo ilijua kumfanya msichana wa saluni Mwananyamala anunue gazeti leo na kulisubiri la wiki ijayo. Wahariri wa magazeti makini waliwacheka. Wangefanya vizuri kujifunza, maana yule msichana hakuwa akisaidiwa na bajeti ya wizara yoyote.

Hata hivyo, muongo wa kwanza wa karne hii ulikuwa na meno. Sakata la zabuni ya umeme ya Richmond lilimwondoa Edward Lowassa kwenye uwaziri mkuu Februari 2008. Ni kweli kamati ya Bunge ndiyo iliyotoa ripoti, lakini magazeti ndiyo yaliyoizuia habari isilale. Gharama yake ilikuwa nzito: mwezi mmoja kabla, Saed Kubenea, mhariri wa MwanaHalisi, alimwagiwa tindikali ofisini kwake. Mwaka 2012, Septemba 2, mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, akiwa kazini katikati ya askari polisi. Mwaka 2017, Novemba 21, Azory Gwanda aliyekuwa akiandika kuhusu mauaji ya Kibiti alichukuliwa na watu wasiojulikana, na mpaka leo hajaonekana. Nayataja haya mapema ili nisieleweke kwamba kila kitu ni fedha. Kuna woga wa mfuko na kuna woga wa roho.

Chini ya Rais Magufuli woga huo wa aina mbili ulifungwa pamoja. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba shirika lake la utangazaji, TBC, litaacha kurusha Bunge moja kwa moja, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kihasibu: gharama ya shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo ikapita Sheria ya Huduma za Habari, iliyoleta leseni ya magazeti na kuipa Idara ya Habari, Maelezo, kazi ya kuratibu matangazo yote ya serikali. Watu walisoma vifungu vya jela na uchochezi. Wahasibu wa magazeti walisoma kifungu cha matangazo, na nadhani wao ndio waliosoma vizuri zaidi. Zabuni, nafasi za kazi, minada, salamu za sikukuu: kurasa hizo ndizo zilizokuwa zikilipa karatasi na wino. Zilipoelekezwa kwenye vyombo vya serikali, magazeti binafsi yalipungua kurasa, yakapunguza watu, na yale yaliyobaki yakajifunza kupima kila kichwa cha habari kabla ya kukipeleka mtamboni. Mawio lilifungiwa 2016, MwanaHalisi na Raia Mwema 2017, na Tanzania Daima likanyang'anywa leseni 2020. Mahakama ya Afrika Mashariki ilikwisha sema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu ilisomwa Arusha. Dodoma haikuwa na haraka nayo.

Kwa habari za uchumi hasa, pigo lilikuwa marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyofanya kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali kuwa kosa la jinai. Yalilegezwa 2019 baada ya wafadhili kulalamika, lakini somo lilikuwa limeshafika vyumba vya habari. Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilikataa ripoti ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu uchumi wa Tanzania kutolewa hadharani. Mwandishi wa uchumi akabaki na nini? Na kauli. Waziri amesema uchumi umekua, gavana amesema mfumuko wa bei uko chini, mkuu wa mkoa amesema wakulima wamefurahi.

Sasa twende Mtwara, maana korosho inafundisha jambo hili kuliko hotuba. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 za korosho ghafi, na bei ilikuwa nzuri. Msimu uliofuata bei ya mnadani ilishuka, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 2018 Rais aliwaondoa mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litaisomba. Picha za malori ya jeshi zilijaa kurasa za mbele. Zilikuwa picha nzuri, na bei ile ilikuwa juu ya soko. Kisha ikaja hatua ya uhakiki. Mkulima mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa aonyeshe shamba lake, ili kuwanasa wanunuzi wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho kwa mkulima mwenye shida, kwa kipimo cha bakuli, kabla ya mnada. Kwa wengi malipo yalichelewa miezi na miezi. Mizigo ililala maghalani, na msimu uliofuata watu waliingia mashambani bila fedha ya kupalilia wala ya kununua salfa.

Hii ilikuwa habari kubwa ya uchumi ya mwaka ule. Ilikuwa na kila kitu: dola, soko, jeshi, mamilioni ya kilo, watoto waliokosa ada. Lakini ukipitia namna ilivyoandikwa, sehemu kubwa utakuta ni mwendo wa viongozi: nani kafika Mtwara, nani kaonya, nani kaagiza. Swali la mkulima mmojammoja, alipima kilo ngapi, alikatwa nini, alilipwa lini, lilipata nafasi ndogo.

Ni rahisi kuwalaumu waandishi. Mimi nawalaumu kidogo. Chukua habari yoyote ya mikoani uichambue kama fundi anavyofungua saa. Aya ya kwanza: mkuu wa wilaya “amewataka” wakulima wafanye jambo fulani. Aya ya pili “amesisitiza”. Ya tatu “ameonya” kwamba serikali haitawavumilia wachache. Ya tano au ya sita anatokea “mmoja wa wakulima hao”, ambaye “ameishukuru” serikali na kuomba barabara. Habari imekwisha. Habari hiyo haikuandikwa hivyo kwa uvivu. Mwandishi wa kujitegemea wa wilayani hana mkataba wala mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka, kiasi ambacho mara nyingi hakirudishi nauli na vocha. Kwenda kijijini peke yake kumhoji mkulima na kukagua stakabadhi zake za ghala ni hasara tupu. Kwenda kwenye msafara wa mkuu wa wilaya kuna kiti kwenye gari, chakula cha mchana, na posho baada ya kikao. Huyo mwandishi hahongwi ili aandike uongo. Analipiwa safari yake na mtu ambaye ndiye habari yenyewe. Aya ya kwanza inamwendea aliyelipia mafuta.

Hii ndiyo sababu sishangai kwamba bei ya korosho inafika kijijini kwa njia nyingine. Mnada siku hizi unaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mwanachama wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, aliyeko Newala hungojea simu ya aliyehudhuria mnada, au ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la ushirika. Gazeti likimfikia kesho yake, kama litamfikia, yeye ameshamaliza kubishana kuhusu makato ya ghala, usafirishaji na ushirika. Anayo habari. Anachokosa ni mtu wa kumuulizia maswali magumu kwa niaba yake.

Kuna nyakati mambo yanageuka. Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo kwenye miamala ya simu, kila mtu alikatwa papo hapo, akaona kwa macho kwenye ujumbe wa simu. Vyombo vyote, vya woga na vya ujasiri, viliandika, na katika miezi michache tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kulegezwa mwaka uliofuata. Hapakuwa na haja ya mwandishi kusafiri kwenda kumtafuta mwathirika. Wakala wa fedha alikuwa nje ya ofisi ya mwandishi na mwathirika mwenyewe alikuwa ndiye mhariri.

Baada ya Rais Magufuli kufariki Machi 2021 hewa ilibadilika. Februari 2022 Waziri Nape Nnauye, yuleyule aliyetangaza Bunge kuzimwa hewani, aliyafungulia magazeti manne. Januari 2023 iliundwa kamati ya kutazama hali ya uchumi wa vyombo vya habari, ikiongozwa na mtangazaji mkongwe Tido Mhando, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa, kikaondolewa kile kifungu cha matangazo. Serikali pia ilikiri kwamba taasisi zake zenyewe zinadaiwa mabilioni na magazeti kwa matangazo yaliyokwisha chapwa. Fikiria mhariri anayetakiwa kuichunguza halmashauri ambayo ni mdaiwa wake mkubwa. Akiikasirisha, deni halilipwi. Akinyamaza, huenda likalipwa. Silaha hiyo haihitaji polisi.

Walipaji wengine ni kampuni za simu, benki, bia, na siku hizi michezo ya kubahatisha. Washa redio yoyote wakati wa kipindi cha michezo uhesabu matangazo ya kubeti. Kisha tafuta katika redio hiyohiyo kipindi kinachohoji nini kinatokea kwa kijana wa bodaboda anayemaliza hesabu ya bosi kwenye mkeka. Vivyo hivyo mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, iliyowanyang'anya wanawake wengi magodoro na vyerehani, ilianza kuzungumzwa kwa sauti kubwa pale viongozi walipoikemea majukwaani. Mpaka hapo ilikuwa habari ya uani.

Zanzibar ina sheria yake na historia yake, lakini swali la mlipaji ni lilelile. Gazeti la Dira la Ali Nabwa lilidumu takriban mwaka mmoja tu kabla ya kufungiwa 2003, na tangu hapo gazeti la kila siku la visiwa hivyo ni Zanzibar Leo, mali ya serikali.

Wengi waliweka tumaini mtandaoni. JamiiForums, iliyoanza 2006, ilithibitisha kwamba Mtanzania ana hamu ya kujadili mikataba na bajeti kuliko wahariri walivyodhani. Kanuni za maudhui za 2018 zikaja na ada za leseni ambazo mwanablogu wa kawaida hakuzimudu. Televisheni za YouTube nazo zimempata mlipaji mpya, yaani idadi ya watazamaji, na matokeo yake ni vichwa vya kelele, ingawa humo humo, katika Ayo TV na nyinginezo, utamkuta mwananchi wa mtaani akizungumza dakika ishirini bila kukatwa, jambo ambalo gazeti halikumpa kamwe. Kisha mlango ukaanza kufungwa tena. Oktoba 2024 leseni ya mtandaoni ya kampuni ya magazeti ya Mwananchi ilisimamishwa siku 30, Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa, Septemba JamiiForums ikafungiwa siku 90, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wakati nchi ilipokuwa na haja ya habari kuliko siku nyingine yoyote. Sauti ya Amerika ilikuwa imenyamazishwa na serikali ya kwao Machi mwaka huohuo. Mfadhili wa nje naye ni mlipaji, na mlipaji huondoka.

Je, mwananchi hawezi kulipa kabisa? Sikubali. Enzi za Radio Tanzania watu walinunua kadi za salamu wakazituma studio ili majina yao na ya shangazi zao yasomwe hewani. Mpaka leo redio za wilayani hupata fedha za matangazo ya misiba, hitma, mahafali na ng'ombe waliopotea. Mtu hulipa pale habari inapomhusu yeye na jirani zake. Nchi sasa ina zaidi ya redio 200, nyingine za kijamii kama Orkonerei ya Simanjiro, Pangani FM na Radio Kwizera ya Ngara, na nyingi ziko jirani kabisa na ghala, mnada na zahanati. Kama chombo chochote kitaishi kwa shilingi ya mwananchi, naona ni hizi, zikithubutu kusoma mizania ya AMCOS hewani badala ya kusoma magazeti ya Dar es Salaam.

Serikali imechagua kuanzia kwingine. Bodi ya Ithibati, inayoongozwa na Tido Mhando, ilianza kazi 2025, na sasa mwandishi anatakiwa awe na stashahada ndipo apewe kitambulisho. Lengo lililotajwa ni kuondoa makanjanja. Sheria ileile ya 2016 inayodai elimu hiyo inawataka pia wamiliki wawakatie waandishi wao bima na kuwaingiza kwenye hifadhi ya jamii. Magazeti yamefungiwa kwa makala, kwa katuni na kwa takwimu. Sijasikia lililofungiwa kwa kutowalipa waandishi wake.